Mashine ya Oicha Iliyosikia Baridi

Siku mliponiaga pale atelye, karakana yetu ya kompyuta, mwenzenu Neema alisimama na sahani yake ya mbuzi mkononi akaniomba niseme maneno mawili. Nikasema asante, nikaketi. Hilo lilikuwa neno la kwanza. La pili ndilo hili, na mtanisamehe, limekuwa refu.

Juu ya vyeo sitaandika, maana atelye yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye ufunguo na asiye na ufunguo. Juu ya mshahara pia sitaandika, na ninyi mnajua kwa nini. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, hasa juu ya waya mmoja unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, ule ambao baadhi yenu mliutumia kuanikia matambara ya kufutia vumbi. Niliwaona. Nilinyamaza tu.

Niliingia atelye ile nikiwa msichana anayejua kupiga taipureta kwa vidole vyote, jambo nililoliona kubwa sana. Papa Mbusa, aliyenipokea, hakuliona kubwa. Alikuwa mtu wa Beni, Mprotestanti wa kwaya, sauti ya besi. Alianza kwa kutengeneza redio, akaingia kwenye taipureta, na wafanyabiashara wa mji wetu wa Butembo walipoanza kuleta kompyuta kutoka ng'ambo akazifungua nazo bila kuomba ruhusa ya mtu. Asubuhi yangu ya kwanza aliniketisha mbele ya kompyuta iliyozimwa, akaniambia nisikilize.

"Unasikia nini?"

"Hapana kitu, Papa."

"Bon. Sasa unajua ginsi inanyamaza. Kesho utajua ginsi inagonjwa."

Nilidhani ananitania. Baadaye nilielewa. Feni iliyojaa vumbi hulalamika, diski inayokaribia kufa hugonga, na ile isiyotoa sauti yoyote ndiyo ya kuogopa. Hata leo, nikiingia nyumba ya mtu yenye kompyuta, masikio yangu hutangulia kabla sijasalimia watu. Watoto wangu wanaona aibu.

Miaka ile fleshi hazikuwepo. Diskette zilikuwepo, lakini vumbi la Butembo lilizipenda kuliko sisi. Kwa hiyo mafaili tuliyahamisha kwa waya, mashine kwa mashine, kupitia ule mlango wa nyuma wa kompyuta wenye pini tisa. Papa Mbusa alinifundisha kuutengeneza waya huo kwa fer, ile pasi ndogo ya kuyeyushia risasi. Kosa la kila mwanafunzi ni kuunganisha pini na pini inayofanana nayo, namba kwa namba, kwa sababu inapendeza macho. Nami nilifanya hivyo, nikachomeka, hakikupita kitu.

"Weye Mukatolika," alisema, "umeweka kinywa kwa kinywa. Mashine zote mbili zinasema, hapana moya inasikia. Kinywa ya huyu uiweke kwa sikio ya ule."

Nikamjibu kwamba nilidhani ugonjwa wa wote kusema bila mmoja kusikia ni wa kwaya za Waprotestanti. Alicheka mpaka akaiweka fer chini. Tangu siku ile tulipatana.

Jambo la pili alilonifundisha linahusu majina. Mtu asiye wa kwetu huenda asielewe, kwa hiyo nalieleza. Kwetu mtoto hupewa jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na hivyo hivyo. Na watu wetu huita faili kama wanavyoita mtoto. Ukifungua kompyuta kumi za Butembo utakuta Kambale katika kila moja, na si Kambale yule yule. Kabla sijafika, Papa Mbusa alikuwa anahamisha mafaili ya wateja wawili kwenye mashine moja ya atelye. Skrini ikamwuliza: Kambale yupo tayari, nimfute niweke huyu? Alidhani ni yule yule, akajibu ndiyo. Aliyefutwa alikuwa Kambale wa mwanafunzi, kazi yake yote ya kumalizia masomo. Papa Mbusa alimwita yule kijana, wakakusanya karatasi za mkono zilizobaki, naye akaipiga kazi ile upya kwa vidole vyake viwili, msimu mzima wa mvua, bila kumdai kitu.

Kutoka hapo ikawa sheria ya atelye. Kabla ya kuhamisha chochote, fungua sanduku jipya, yaani folda, katika mashine inayopokea, na ulipe jina la mahali mteja alikotoka. Jina la mahali, si jina la mtu. Hakuna Kambale atakayefuta Kambale mwingine chini ya paa hili, alisema, na hakuwa anacheka.

Miaka ilipita. Diskette zikaondoka, fleshi zikaja, halafu kila kitu kikaingia kwenye simu. Papa Mbusa alizeeka akarudi kwake Beni, akaniachia ufunguo na waya. Nikautundika kwenye msumari.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi, katika mwezi wa mvua, aliingia mama mmoja mwenye kitenge kilichofungwa mgongoni kama anabeba mtoto. Nyuma yake alikuja mwanaume mrefu, mwashi, chokaa bado kwenye viatu. Mama akafungua kitenge, akashusha juu ya meza yangu kompyuta ya kukunja ya zamani, ya rangi ya kijivu, nene kama tofali. Mwanaume akatoa mfukoni chaja yake.

"Miye naitwa Mama Masika, wa Oicha," alisema. "Huyu ni Kasereka, mutoto yangu. Batu banasema kama weye, Mama Kahindo, unajua ma-ordinateur ya zamani."

"Karibu, Mama. Inagonjwa nini?"

"Inakataa kuwaka. Oicha ilikuwa inawaka. Wakati tulikimbia, batu banabeba masafuria, miye nikabeba hii. Banaseka njia muzima."

"Hata miye niliseka," alisema Kasereka kwa aibu ya kicheko kile, akitazama chini. "Nilimuambia, Mama, hiyo ni chuma tu."

Tangu walipokimbia vita walikuwa wakikaa kwa ndugu, upande wa Rughenda hapa mjini. Nilimwuliza mama kuna nini ndani. Alinyoosha kile kitenge juu ya magoti yake, kona kwa kona.

Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kompyuta ile aliachiwa na wageni wa kanisa waliporudi kwao. Walizaa wavulana watatu. Kambale, wa kati, alikufa kwa homa akiwa mdogo, kabla Kasereka hajazaliwa, na Paluku alikuwa mdogo mno kukumbuka. Picha haikupigwa hata moja. Mwalimu alipoipata kompyuta alikaa akaandika kila neno la mtoto yule alilolikumbuka. Hakuchapa kwenye karatasi, kwa sababu shule haikuwa na printa. Mwalimu naye akafa.

"Alikuwa ananisomeya siku ya Yenga," Mama Masika alisema, na Yenga ndiyo Jumapili yetu. "Miye sikusoma. Sasa macho yangu inazimika, na maneno ya mutoto inapotea mu kichwa. Sauti yake nimeshasahabu. Kama hii machine inakufa, Kambale anakufa mara ya pili, Mama Kahindo. Ile mara ya kwanza nilivumilia."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Niliiweka chini, nikavuta kiti karibu naye.

Mtu wa kwetu akisikia Kasereka anauliza mara moja: na Kambale wenu? Ndivyo mazungumzo yanavyoanza, sokoni, kanisani, juu ya pikipiki. Yule mwashi aliulizwa hivyo maisha yake yote. Aliniambia kwamba hujibu "alikufa," watu husema pole, na hapo yanaisha, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kitu kingine cha kusema juu ya kaka yake.

Niliichunguza mashine. Diskette haisomi, mkanda wake wa ndani ulikuwa umeyeyuka ukawa kama ulimbo. Mlango wa fleshi haina, ilizaliwa kabla ya fleshi. Neema alishauri tung'oe diski tuichomeke kwenye adapta yetu, wazo zuri, lakini pini zake hazikulingana na adapta yoyote tuliyokuwa nayo. Nilipoiwasha, skrini ilitoa mwanga na diski haikutoa sauti hata kidogo. Ile ya kuogopa. Ulibaki mlango wa nyuma wa pini tisa, na ule waya wenu wa matambara.

Waya hautoshi bila programu. Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu, na ninaandika polepole ili mmoja wenu siku moja asihangaike kama sisi. Programu ya kuhamisha mafaili lazima iwepo pande zote mbili, kwa anayetuma na kwa anayepokea. Sasa utaiingizaje ndani ya mashine isiyo na mlango wa kuingizia kitu? Nilikumbuka kwamba zamani kulikuwa na programu moja ndogo yenye ujanja. Unaiandikia mashine ya zamani amri fupi kwamba ifuate maagizo yanayotoka mlango wa nyuma, halafu programu inajituma yenyewe kupitia waya, inakaa, na kazi inaanza.

Tuliitafuta kwenye mtandao, Neema na mimi. Anwani nyingi zilikuwa zimekufa. Nyingine zilitupa programu inayofanya kazi kati ya mashine mpya tu. Moja ilitaka kwanza tuweke programu ya kutafutia programu, na nyingine ilituletea virusi vya aina ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa na meno yangu yote. Neema alichoka akasema huenda programu ile haipo tena duniani. Nikamwambia dunia ina Beni ndani yake, nikapanda taxi.

Papa Mbusa nilimkuta ameketi mlangoni na blanketi miguuni. Masikio yamezimika kabisa sasa. Yule aliyenifundisha kusikiliza hasikii hata mvua juu ya bati, anaijua kwa kuweka kiganja ukutani. Nilipomwona akifanya hivyo nilijifanya ninatafuta kitu kwenye mfuko wangu. Ilinibidi niseme karibu na uso wake, naye alisoma midomo na kunijibu kwa kelele mpaka majirani wakajua habari zote.

Alitoa kopo la biskuti lililojaa diskette. Nyingi zilikuwa na ukungu. Moja, yenye ile programu, alikuwa ameifunga katika nailoni, nayo alinipa bila kusita. Halafu akauliza juu ya diski.

"Inatoa sauti gani?"

"Hapana sauti, Papa."

"Oicha ilikuwa inawaka?"

"Mbaka siku ya kukimbia."

"Na Butembo?"

"Hata mara moya."

Akaanza kucheka, ile besi yake ya kwaya, pana bado. "Kahindo! Iko na baridi! Machine ya Oicha, machine ya joto, munaileta Butembo kwa milima, mwezi ya mvua, bila sweta! Mafuta ya ndani imeganda. Ule mama alikimbia nayo ginsi gani?"

"Mu mugongo. Na kitenge."

"Basi airudishe mu mugongo. Anatembea nayo, anafanya kazi yake, kisha munawasha mbiyo mbiyo. Hapana ya kuipiga. Mutoto wa baridi hapigwe."

Alinishika mkono wakati wa kuaga, akaugeuza, akatazama vidole vyangu vyenye makovu ya fer. Alisema nimekuwa fundi. Miaka yote ile pamoja naye hakuwahi kulisema neno hilo, na mimi sikuwahi kuliomba. Nililia ndani ya taxi, na abiria wenzangu walidhani nimefiwa.

Asubuhi tuliyochagua, umeme ulikuwa mzuri. Mashine ya kupokea ilikuwa ile kompyuta ya umri wa kati iliyo kona ya atelye, yenye diskette, pini tisa na mlango wa fleshi, nami niliiita mkalimani kwa sababu inaelewa lugha za wazee na za vijana. Mama Masika alifunga mashine yake mgongoni, chini ya sweta mbili, akaanza kufagia atelye yetu. Nilimkataza. Akasema amekatazwa kuketi na Papa wa Beni. Alifagia, akapanga masanduku, akatoka akachota maji, huku akiipigapiga kidogo kwa nyuma kama mama yeyote. Kasereka alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake mikubwa haijui pa kukaa.

Kisha Mama Masika akasema, "Iko na joto sasa."

Tukaishusha, tukaiwasha. Kimya. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaizungusha kidogo, taratibu, kulia na kushoto. Halafu nikasikia ule mluzi mwembamba unaopanda, sauti ya diski inayoanza kuzunguka. Nilitamani masikio ya Papa Mbusa yawe pale.

Niliandika amri. Mashine ya zamani ikanyamaza kusubiri mlango wake wa nyuma, na programu ikaanza kujituma, herufi kwa herufi, kupitia waya. Ilipokaa, orodha ya mafaili ikaonekana: masomo ya shule, nyimbo za kwaya, mahubiri. Diski inaweza kusimama wakati wowote, kwa hiyo nilimwuliza Mama Masika tuanze na lipi, ingawa nilijua.

"Kambale," alisema.

Nikatuma. Mkalimani akauliza papo hapo: Kambale yupo tayari, nimfute? Kulikuwa na Kambale wa mteja mwingine, aliyewekwa juu juu, nje ya sanduku lolote, na mmoja wenu ambaye sitamtaja. Neema alikuwa ameshika kibodi, na kwa haraka ya kuogopa diski isisimame, kidole chake kilikwisha kuelekea kwenye ndiyo. Nikamshika mkono. Nikafungua sanduku jipya, nikaliita Oicha, nikatuma upya. Dakika ile ilikuwa ndefu, na diski ilikuwa imeanza kugonga. Kambale akaingia, mzima. Zikafuata nyimbo, na nusu ya mahubiri. Kisha mashine ya zamani ikanyamaza, na haikuwaka tena.

Sikumtania Mama Masika juu ya mahubiri yaliyopotea. Ningekuwa na Papa Mbusa ningesema kitu.

Nilimsomea pale pale, Kasereka akiwa amechuchumaa kando ya kiti cha mama yake. Mwalimu aliandika kwa Kinande, lugha yetu, nami hapa ninaweka kwa Kiswahili. Aliandika kwamba Kambale aliwaambia kuku watembee polepole kando ya kakao iliyoanikwa, kwa sababu imelala. Aliandika kwamba Kambale alikataa viatu kwa vile vinamfanya asisikie njia. Halafu nikafika mahali hapa: "Siku moja ilinyesha mara mbili. Kambale aliniambia kwamba mvua nazo huzaliwa kwa zamu. Ya asubuhi ni Paluku. Ya mchana ni mimi, alisema. Nikamwuliza, na ya jioni je?"

Nilivuta pumzi nisome mstari unaofuata. Mama Masika akanitangulia, macho yamefumbwa, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake.

"Ya jioni ni Kasereka. Bado iko njiani."

Ndivyo ilivyoandikwa, neno kwa neno. Akafumbua macho. "Nilikuwa na mimba ya huyu," alisema. "Nimeisikia sauti yake, Mama Kahindo. Wasingya. Wasingya." Ndiyo asante yetu, na aliirudia mpaka nikamwomba aache.

Kasereka aliniomba nisome tena, tangu kuku. Nikasoma. Akaomba tena. Neema alitoka nje, akarudi na macho mekundu akidai ni moshi wa jenereta, na jenereta siku hiyo haikuwashwa.

Niliweka nakala kwenye fleshi mbili, na nyingine Neema aliichapa kwa herufi kubwa. Nanyi fanyeni hivyo daima. Nakala moja ni sawa na hakuna.

Wiki yangu ya mwisho Kasereka alirudi kutuwekea sakafu mpya mlangoni, kwa hiari yake. Mchana mvua ikashuka, ile ya Butembo isiyoomba njia. Mwendesha pikipiki mmoja akakimbilia chini ya paa letu, akasalimiana naye, akauliza jina, na aliposikia Kasereka akauliza kama wote wanavyouliza:

"Na mukubwa yako Kambale, iko wapi?"

Nilikuwa ndani ninafunga masanduku yangu. Niliacha kufunga.

"Ni hii yenye inanyesha," Kasereka alisema. "Ya mchana ni yake. Ya jioni ni yangu, alinigawia mbele nizaliwe."

Yule mwendesha pikipiki alimtazama, akaitazama mvua, akavua kofia yake ya chuma na kuketi juu ya kizingiti.

"Bon," alisema. "Basi tungoye Kambale amalize."

Tukangoja.